Tangazo la Tatu

Jumapili ile katekista aliposimama na karatasi yake, Ottilia alikuwa ameketi benchi la tatu kutoka mbele, mikono mapajani, kama kawaida yake.

"Christopher, mwana wa marehemu Placidi na Benadetha, wa Mbamba Bay, anataka kufunga ndoa na Jacqueline, binti wa Wilfred na Emerensiana, wa kigango chetu hapa Mkumbi. Hili ni tangazo la kwanza. Mwenye kujua kizuizi chochote anawajibika kumwarifu paroko."

Akina mama wakapiga vigelegele. Emerensiana, dada yake Ottilia, akageuka kutoka benchi la mbele na kumtabasamia mdogo wake. Ottilia naye akatabasamu. Alikuwa hodari wa kutabasamu. Miaka sita alikuwa akifanya mazoezi.

Mwaka wa tisini na moja, akiwa na miaka kumi na tisa, Ottilia aliondoka Mkumbi kwenda kuanza malezi ya utawa. Alikaa miezi minane. Alikwisha kuzoea kengele ya alfajiri, bustani ya kabichi, na kula kimya huku mmoja akisoma kwa sauti. Siku moja akaitwa, akaambiwa afungashe. Alipouliza kosa lake, alijibiwa kwamba yeye mwenyewe analijua. Akafika nyumbani akakuta habari imemtangulia: Ottilia binti Raimundi amerudishwa kwa mimba. Mimba haikuonekana, maana haikuwepo, na ilipokosa kuonekana watu wakasema ameitoa. Hapo ndipo walipommaliza.

Miezi mitatu baadaye Emerensiana akaolewa na Wilfred, akahamia ng'ambo ya bonde. Mama yao, aliyekuwa amepooza upande wa kushoto, akabaki mikononi mwa Ottilia. Miaka kumi na minne Ottilia alimwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Mama alipofariki, alimwachia cherehani na kipande cha kahawa cha mteremkoni. Hakuna aliyekuja kumposa, isipokuwa mgane mmoja mzee wa Kitai, aliyesema kwa moyo mkunjufu kabisa kwamba yeye hajali kama mwanamke amewahi kutoa mimba. Ottilia alimtoa uani kwa ufagio.

Katika jumuiya yao walimtolea mfano. "Mtazameni Ottilia," walisema. "Hajawahi kulalamika. Huo ndio uvumilivu wa Kikristo." Na kweli alikuwa amevumilia, kwa sababu alidhani ni bahati mbaya tu, maneno ya watu yasiyo na mwenyewe. Mpaka siku ya msiba mmoja kule Kitai, miaka sita iliyopita, alipomkuta Sista Hildegardi, aliyekuwa mlezi wake, sasa kikongwe wa kutembelea fimbo. Sista alimshika mkono na kuanza kulia.

"Ile barua iliyosema una mimba, mwanangu, nimeibeba rohoni miaka yote. Tungemwandikia nani kuuliza? Aliyeiandika alikuwa dada yako wa tumbo moja. Tukaamini."

Ottilia alimletea Sista kikombe cha chai, akamwekea sukari, akarudi Mkumbi kwa gari la jioni. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kama yeye angekuwa mtawa, wa kubaki na mama angekuwa Emerensiana, na Wilfred hakuwa mtu wa kusubiri miaka kumi na minne.

Tangu hapo hakumwambia dada yake neno lolote. Aliendelea kwenda kwake, kula kwake, kumsaidia kuvuna. Kwenye sala za jumuiya, kila walipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alifunga mdomo, akawaacha wenzake wapite, kisha akaungana nao mbele. Watu waliona mpole yule yule. Wao hawakujua kwamba anavizia. Alikuwa anasubiri dada yake apate kitu cha thamani, kitu kinachoweza kuvunjika.

Sasa kilikuwa kimepatikana. Jacqueline alikuwa binti pekee wa Emerensiana, mwalimu wa chekechea, na Christopher alikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa, kijana mwenye adabu ambaye kila kikundi cha wakulima Mbinga kilikuwa na namba yake ya simu. Emerensiana alimtaja mkwe wake mtarajiwa hata alipokuwa akinunua chumvi.

Kesho yake, Jumatatu, Ottilia alikuwa akimpima gauni Bonifasia, mama anayepandisha usipa, wale dagaa wa ziwani, kuja kuuza milimani, pale Bonifasia alipouliza vitenge vya sare vya mezani ni vya harusi ya nani, akaambiwa.

"Ni harusi ya Christopher? Namfahamu! Tena kuna katoto kule kijijini kwao kanavyomwita baba, utacheka. Kanamkimbilia mpaka kanaanguka."

Futi ya Ottilia ilisimama kiunoni mwa Bonifasia. "Kako kijiji gani?" akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Jumatano alishuka ziwani. Alimuaga Jacqueline kwamba anakwenda kutafuta usipa mzuri wa wageni wa harusi, na binti akamkumbatia. "Mama mdogo, unajisumbua mno kwa ajili yangu." Ottilia akampapasa mgongo, akapanda gari.

Kutoka Mbinga barabara ilishuka kwa kona, na kila kona abiria walivua kitu: kofia, sweta, koti. Mbamba Bay alichukua bodaboda mpaka kijiji alichotajiwa. Alimkuta mwanamke wa miaka thelathini hivi akitandaza usipa juu ya kichanja, mikono ikimetameta magamba. Jina lake Lidia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi natoka Mkumbi. Ni mama mdogo wake Jacqueline, mchumba wa Christopher."

Lidia aliacha ungo ukaanguka. Alimkumbatia mgeni kwa viwiko, asije akamchafua kwa mikono ya samaki, akacheka, akamkokota mpaka kivulini, akamwekea kigoda na maji ya kunawa. Kabla chakula hakijaiva, mtoto wa kike wa miaka sita akaingia kutoka shule. Alikuwa na paji la uso la Christopher na mwanya wake.

"Glorious, msalimie bibi. Anatoka kwa mchumba wa Christopher."

"Baba amekuja?" mtoto akauliza, akichungulia nyuma ya mgeni.

"Hajui mwingine," Lidia alisema mtoto alipokimbilia ufukweni. "Baba yake ni Elias, kaka yake Christopher. Alizama humu humu ziwani, mimba ikiwa na miezi saba. Wazee walitaka Christopher anirithi. Alikataa mbele yao wote, mama. Alisema, huyu ni dada yangu, na mtoto akizaliwa atakuwa mwanangu, na habari ya kurithi isirudiwe. Hajawahi hata kulala nyumba hii. Akija hulala kwa mjomba wake, halafu asubuhi anakuja na daftari za Glorious." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mwambie Jacqueline anapata mtu."

Ottilia alikula ugali kwa samaki aina ya mbasa, akashiba. Alimpiga picha Glorious kwa simu, akisema atamwonyesha bibi harusi. Wakati wa kuondoka Lidia alimfungia mbasa wawili waliokaushwa kwa moshi kwenye karatasi. "Hawa ni wako wewe. Wa harusi nitawaleta mwenyewe."

Kwenye gari la kurudi milimani, harufu ya samaki ikimpanda kutoka magotini, Ottilia aliitunga barua yote kichwani. Jambo lililomfurahisha ni kwamba karibu yote ilikuwa kweli. Yupo mtoto anayemwita baba. Mama yake anaitwa Lidia, ni mjane wa kaka yake. Wanafanana, picha hii hapa. Wazee wa ukoo walikaa kikao cha kurithi mjane. Mpaka hapo hapakuwa na uongo. Uongo ulikuwa sentensi moja tu ya mwisho: kwamba kijijini inajulikana alimrithi kwa mila, na mpaka leo wanaishi hivyo.

Jumapili ya pili tangazo la pili likasomwa, vigelegele vikapigwa. Jumatatu Ottilia alipeleka barua parokiani pamoja na picha aliyosafishiwa mjini. Alitia sahihi, kama dada yake alivyotia yake. Akaongeza chini: mama mdogo wa bibi harusi. Paroko, padri kijana mwenye miwani, aliisoma mara mbili, akamtazama.

"Mama Ottilia, ingekuwa ni mtu mwingine ningesema ni wivu."

"Padri, ni mtoto wangu yule. Ningefurahi niwe nimekosea. Naomba tu jina langu lisitajwe."

Jumapili ya tatu katekista alisoma tangazo la kijana wa Kitai na binti wa kigango jirani, akakunja karatasi, akaketi. Jina la Jacqueline halikusomwa. Minong'ono ikaanza nyuma na kusogea mbele kama panya kwenye dari. Ottilia aliitazama shingo ya dada yake. Aliiona ikikakamaa, aliona kilemba kikitetemeka, aliona Wilfred akimshika mkono na Emerensiana akiutoa. Kitu kitamu kilimshuka Ottilia kifuani, kitamu kama togwa ya kwanza baada ya siku ya kulima mashimo ya ngoro mteremkoni. Wimbo wa sadaka ulipoanza, aliimba sauti ya pili, na hakukosea hata noti moja.

Mchana Emerensiana akaja. Hakupiga hodi. Aliketi kwenye mkeka katikati ya vitenge vya sare, mwanamke wa miaka hamsini na saba aliyezeeka tangu asubuhi.

"Padri amesema kuna barua. Eti Christopher ana mke ziwani. Mkwe wangu! Na Jacqueline tangu tumetoka kanisani hajasema neno. Ottilia mdogo wangu, nani ana roho ya kuandika kitu kama hicho? Atamwandikiaje mtoto wa watu?"

Ottilia alikuwa amesubiri swali hilo miaka sita. Hakuharakisha. Alikata uzi kwa meno, akakunja kitambaa.

"Labda ni mtu aliyekuwa na mama mgonjwa," alisema. "Labda alikuwa na mchumba asiyetaka kusubiri."

Emerensiana alinyanyua uso. Polepole, kama maji yanavyopanda kwenye nguo, akaelewa yote mawili: barua ile na hii.

"Ulijua lini?"

"Miaka sita. Sista Hildegardi aliniambia. Nikala kwako Krismasi sita."

"Ni wewe uliyeandika."

"Nilijifunza kwako, dada. Hata sahihi nimetia."

Emerensiana aliinamisha uso. "Nilikuwa na ishirini na nne," alisema. "Wilfred alisema mwisho Pasaka. Nilifikiri watakurudisha mwaka mmoja tu, halafu watagundua hakuna kitu, watakuita tena. Halafu mama akawa anakuzoea wewe. Kila mwaka nilisema nitakwambia mwaka huu."

"Thelathini na tatu."

"Ndiyo."

"Kijiji kizima kilisema nimeua mtoto, ukanyamaza. Ukaja kwangu na watoto wako, nikawabeba mgongoni, ukanyamaza."

"Nisamehe, Ottilia. Niadhibu mimi. Mtoto hana kosa."

"Na mimi nilikuwa na kosa gani?" Ottilia aliinuka, akafungua mlango wazi. "Nenda ukamfundishe mwanao kuvumilia. Mimi wewe ulinifundisha."

Emerensiana aliondoka. Ottilia alimtazama akishuka bondeni akishikilia migomba ya njiani kama kipofu, na bado ilikuwa tamu. Atakayeisimulia habari hii akisema Ottilia alijuta saa ile ile, atakuwa anampamba. Alikula vizuri. Alikula mbasa wa pili wa Lidia, akajilamba vidole.

Kesho yake asubuhi Jacqueline akaja na mfuko wa nguo. Alisema nyumbani haiwezekani kukaa. Mama hali, hasemi, anazunguka uani tu, naye hajui wala hataki kumwuliza kwa nini. Aliomba akae kwa mama mdogo siku chache. Christopher alikuwa ameshuka ziwani tangu jana na hapokei simu.

"Siamini ile barua," binti alisema. "Ila nimeanza kuwa kama naamini. Nikiwaza sura yake naiona ya uongo. Mama mdogo, wewe walikusema vibaya, watu wote, na hukuvunjika. Ulifanyaje? Nifundishe."

Akaegemeza kichwa mapajani mwa Ottilia, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Ottilia aliweka mkono juu ya nywele zile. Alitafuta ule utamu wa jana, akaukosa. Alichokuta ni yeye mwenyewe, wa miaka kumi na tisa, amesimama uani kwa mama na kila aliyepita barabarani akimtazama tumbo.

"Sikufanya kitu," alisema. "Nilivunjika, mwanangu. Nilivunjika vibaya." Kisha akainuka, akajifunga khanga, akasema anatoka kidogo.

Paroko alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa ameshika kalamu, na Ottilia aliposema sentensi ya mwisho ya barua ilikuwa ya kubuni, aliiweka chini taratibu.

"Mama, mimi nilipiga simu kwa paroko wa kule Jumatano. Yeye akamwita huyo Lidia mbele ya halmashauri ya kigango. Wazee saba. Aliulizwa kama analala na shemeji yake. Aliulizwa mara nyingi, kwa maneno mengi." Padri alivua miwani. "Na mtoto aliitwa. Aliulizwa baba akija analala wapi."

Katika hesabu zote alizopiga Ottilia miaka sita, Lidia hakuwemo. Wala Glorious.

"Tangazo litasomwa Jumapili," padri alisema. "Hilo ni jepesi. Kitubio chako nitakupa kanisani. Lakini wale uliowaumiza, utawaambia kwa mdomo wako. Siwezi kukufanyia hilo."

Aliwaambia Alhamisi, nyumbani kwa dada yake, mbele ya Wilfred, Emerensiana, Jacqueline na Christopher aliyekuwa amepanda kutoka ziwani bila kunyoa ndevu. Alieleza barua yake. Ya dada yake hakuigusa. Ni Emerensiana mwenyewe aliyeinuka na kusema, "Hajamaliza. Ya kwanza niliandika mimi." Akaisimulia yote, Wilfred akimsikiliza kinywa wazi.

Christopher hakumtukana mtu. "Alikula kwetu," alisema tu. "Shemeji alimfungia samaki."

Jacqueline alimtazama mama yake, akamtazama mama yake mdogo. "Nyote wawili msinisogelee," alisema. "Msiniombe msamaha leo. Sina." Akamshika Christopher mkono, wakatoka.

Ottilia alishuka tena ziwani. Lidia alikuwa kwenye kichanja kile kile, na safari hii hakumwamkia. Alimsikiliza akiwa amesimama, akigeuza usipa mmoja mmoja.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Glorious siku hizi hasemi baba. Anasema 'yule.' Hilo nani atalirudisha?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi nenda."

Alikwenda. Baada ya wiki mbili alirudi, akiwa amemshonea Glorious sare mpya ya shule. Lidia aliipokea bila asante, akaipima kwa macho, akasema mikono ni mirefu. Ottilia akaketi chini mchangani, akaifumua na kuipunguza kwa sindano, jua likimchoma utosini. Hakuletewa kigoda. Saa ya kuondoka alipewa maji.

Harusi ikafungwa mwezi uliofuata. Lidia alipanda na samaki wake kama alivyoahidi, na Glorious alitangulia mbele ya bibi harusi na maua. Ottilia hakuwepo. Jacqueline alikuwa amemtumia ujumbe mfupi: Mama mdogo, naomba siku hiyo nisikuone. Naye akatii. Alikaa mlangoni kwake akichambua maharage, muziki ukimfikia kutoka ng'ambo ya bonde upepo ukigeuka.

Alasiri akamwona mtu anapanda kilima amevaa sare ya harusi. Alikuwa Emerensiana, na sahani iliyofunikwa kwa sahani.

"Nani amekutuma?" Ottilia aliuliza, na hakuweza kuficha tumaini lililokuwa sautini mwake.

"Hakuna aliyenituma. Jacqueline bado. Hata mimi ananisemesha mambo ya viti na masufuria tu." Akaketi kizingitini, akahema. "Kula kabla pilau haijapoa."

Ottilia alikula. Dada yake akavuta ungo, akaendelea kuchambua maharage pale alipoachia.

"Nikwambie ukweli, dada," Ottilia alisema akiwa na tonge mkononi. "Zipo asubuhi naamka nikitamani ningeiacha ile barua ifanye kazi yake. Nakutazama hapo nakumbuka kila kitu. Sijakusamehe. Najaribu, halafu inakataa."

"Najua."

"Usije ukadhani kwa sababu nakula chakula chako."

"Sidhani," alisema Emerensiana. Simu yake ililia mfukoni. Walikuwa wanamtafuta, keki inataka kukatwa. Aliitazama, akairudisha mfukoni bila kupokea. Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa uani, akaendelea.